Mawazo Yanapokaa Mwilini

Msongo wa mawazo ni kazi ya mwili kabla haujawa jambo la akili. Dereva wa bodaboda anayeponea chupuchupu kugongwa na lori njia panda hapati hata nafasi ya kuogopa. Ameshakata kona, ameshashika breki, pikipiki imeshasimama pembeni, ndipo anaposikia moyo unamwenda mbio, mdomo umemkauka, viganja vimelowa jasho na magoti yameishiwa nguvu. Ndani ya muda huo mfupi ubongo wake umetoa amri mbili. Ya kwanza imepita kwenye neva moja kwa moja hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zikamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo ukaongeza mapigo, njia za hewa zikatanuka, mboni za macho zikafunguka, ini likatoa sukari ya akiba, na damu ikapunguzwa tumboni na kwenye ngozi ili ipelekwe kwenye misuli. Amri ya pili huchukua dakika kadhaa. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha tena zile tezi za juu ya figo, safari hii zitoe kotisoli. Homoni hii huhakikisha sukari haikatiki, na huahirisha shughuli zote ambazo mwili unaona zinaweza kusubiri: kusaga chakula, kukua, kuzaa, kukarabati palipoharibika.

Kwa dereva huyo mpango mzima umefanya kazi yake barabara. Akikaa chini ya mti, akapewa maji na wenzake, akalitukana lori lililokwisha kutokomea, kotisoli yenyewe hurudi kwenye ubongo na kuuarifu kwamba imetosha, amri zisimame. Baada ya saa chache damu yake haitofautiani sana na ilivyokuwa asubuhi. Kesho yake atausimulia mkasa kijiweni huku akicheka.

Jirani yake, mama lishe, hajakoswa na lori lolote. Anadaiwa mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kali, na marejesho ni kila Jumatatu. Mchele umepanda bei, wateja wawili wakubwa wanakula kwa daftari, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule. Saa nane za usiku macho yako wazi, anapiga hesabu ileile ambayo jana haikutimia. Ubongo wake hutoa amri zilezile mbili, na mwili wake hujiandaa kukimbia akiwa amelala kitandani. Hakuna cha kukwepa, kwa hiyo hakuna kinachokwisha. Jumatatu ikipita, nyingine inakuja. Karibu kila dhara linalohusishwa na msongo wa mawazo linatokana na tofauti hii kati ya hatari inayopita na hatari inayokaa.

Sayansi ilichukua muda kuiona tofauti hiyo. Walter Cannon, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia, na kwa Cannon maandalizi hayo yalikuwa hekima tupu ya mwili. Miaka 21 baadaye Hans Selye, aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wa maabara. Aliwatesa kwa njia mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa dawa za sumu, na kila alipowapasua alikuta mambo yaleyale matatu: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi za kinga ya mwili zimesinyaa, na tumbo lina vidonda. Mateso tofauti, matokeo mamoja. Selye aligawa safari hiyo katika hatua tatu, yaani mshtuko, ustahimilivu na uchovu, na aliamini kwamba katika hatua ya mwisho mwili huishiwa homoni. Hapo hakupatia. Homoni haziishi, tatizo ni kwamba zinaendelea kuwapo, na vitu vilivyokusudiwa kuokoa maisha kwa nusu saa vinakaa kwenye damu miezi na miaka.

Moyo na mishipa ya damu ndivyo hulipia kwanza. Kila msukumo wa damu unapopanda, kuta za mishipa hupigwa kwa nguvu zaidi, na pale mishipa inapogawanyika ndipo huchubuka. Penye mchubuko mafuta hupata mahali pa kung'ang'ania. Mshtuko mkubwa wa ghafla nao unaweza kuulegeza moyo wenyewe. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo chumba kimoja cha moyo huvimba na kubadilika umbo mpaka kikafanana na takotsubo, chombo wanachotumia wavuvi wa huko kunasia pweza. Wagonjwa wengi ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na mara nyingi hali hiyo hufuata habari nzito kama kifo cha mume au mtoto. Wengi wao hupona wakihudumiwa, ila si wote. Kwa hiyo anayesema marehemu fulani aliuawa na taarifa ya msiba, mara nyingine anasema jambo ambalo daktari hatalipinga.

Sukari inafuata. Kotisoli huifanya insulini isisikike vizuri na seli, na mtu aliyekwisha kuwa na kisukari huona kipimo chake kikipanda katika wiki ya matatizo hata kama hakubadilisha chakula. Usingizi nao huharibika kwa njia inayojizungusha: kotisoli inayotakiwa kuwa chini usiku haishuki, mtu halali, na kutolala kwenyewe huipandisha zaidi.

Kuhusu kinga ya mwili kuna ushahidi wa kupendeza kwa wepesi wake. Sheldon Cohen na wenzake waliwatia watu 394 wa kujitolea huko Uingereza matone ya virusi vya mafua puani, wakawatenga, wakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa kabla ya jaribio, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser wa Ohio, Marekani, alilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha ngozi mkononi, kidonda chenye upana wa milimita tatu na nusu. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9. Anayemuuguza mzazi nyumbani kwa miaka, akilala kwa kuamkaamka, anaubeba ugonjwa huo mwilini mwake pia, ingawa wanaokuja kutoa pole humuuliza hali ya mgonjwa tu.

Tumbo linahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa ndilo linalosingiziwa zaidi. Afrika Mashariki nzima mtu mwenye vidonda vya tumbo huambiwa apunguze mawazo, na kwa miongo mingi madaktari wa Ulaya na Marekani nao walisema hivyohivyo, wakiandika maziwa na mapumziko. Mwaka 1982 Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua kwamba tumboni mwa wagonjwa hao anaishi bakteria, Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao, akaumwa tumbo vibaya, kisha akajitibu. Tuzo ya Nobel iliwafuata mwaka 2005. Leo inajulikana kwamba vidonda vingi vinatokana ama na bakteria huyo, anayeondolewa kwa antibiotiki, ama na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Panya wa Selye walipata vidonda kweli, na msongo bado una sehemu yake: huongeza maumivu na kuchelewesha kupona. Hata hivyo, mgonjwa anayeambiwa apunguze mawazo bila kupimwa bakteria amenyimwa tiba, na kosa hilo bado linatendeka kila siku kwa nia njema kabisa.

Swali kubwa zaidi ni kwa nini msongo unawaelemea baadhi ya watu kuliko wengine. Jibu mojawapo bora lilipatikana Masai Mara. Tangu mwaka 1978, Robert Sapolsky, mwanabiolojia wa Marekani, alikuwa akirudi huko kuwafuatilia nyani. Aliwadunga dawa ya usingizi kwa mshale mdogo uliopulizwa kwa bomba, akachukua damu kabla hawajaamka, akapima kotisoli. Nyani wa Mara hawahangaiki sana na chakula. Saa chache kwa siku zinawatosha kushiba, na muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Dume mkubwa akishindwa ugomvi humgeukia wa chini yake, wa chini humgeukia jike, na jike humgeukia mtoto. Katika kundi lenye madaraja ya namna hiyo, madume wa chini walikuwa na kotisoli ya juu hata siku ambazo hakuna aliyewagusa. Hawajui kipigo kitatoka wapi wala saa ngapi, na hawana wanachoweza kufanya kukizuia.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti angelipanga. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikatupwa hapo, na waliokuwa wakienda jalalani wakafa, karibu nusu ya madume wote wa kundi. Waliobaki ni wale wasiopenda ugomvi, pamoja na majike. Kundi likatulia. Nyani wakakaa karibukaribu, wakachambuana manyoya zaidi, na ugomvi wa kumwonea mdogo ukapungua. La ajabu ni kwamba miaka kumi hivi baadaye madume wote wa zamani walikuwa wameshaondoka au kufa, wageni wakahamia kutoka makundi makali, na wageni hao nao wakajifunza upole wa wenyeji. Sapolsky na Lisa Share walipochapisha habari hizo mwaka 2004, walionyesha pia kwamba madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa na dalili za msongo zilizoonekana kwa wenzao kwingine. Daraja lilikuwapo bado. Kilichobadilika ni gharama ya kuwa chini.

Mwanadamu si nyani, na mtu anayedaiwa kodi ana mambo ya kuwaza ambayo nyani hana. Lakini picha ya ofisini inafanana mno. Kuanzia mwaka 1967 zaidi ya wanaume 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza jijini London walifuatiliwa afya zao. Wote walikuwa na ajira ya uhakika, na wote walitibiwa bure. Hata hivyo waliokuwa ngazi ya chini kabisa, matarishi na wabeba mafaili, walikufa kwa ugonjwa wa moyo takribani mara tatu ya wakurugenzi. Sigara, shinikizo la damu na mafuta vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot na wenzake waliendelea na kundi la pili kuanzia mwaka 1985, safari hii wanawake wakiwemo, na wakakuta kwamba mfanyakazi asiye na kauli juu ya kazi yake, asiyeweza kuamua aanze na nini wala apumzike lini, yuko kwenye hatari zaidi ya moyo. Bosi anayejigamba kwamba kazi yake inamuua kwa msongo angefaa kumtazama mlinzi wa getini.

Kwa kuwa chanzo kiko hivyo, njia za kukabiliana nacho hazina uzito sawa. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walizigawa katika mafungu mawili: zinazolishughulikia tatizo lenyewe na zinazoshughulikia hisia zinazotokana nalo. Mgawanyo huo unasaidia, ila unamwacha mtu peke yake na shida yake, na katika maisha ya watu wengi shida haimkuti mtu peke yake.

Njia za mkato zinajulikana. Pombe hulegeza kwa saa mbili tatu, kisha huvunja usingizi wa alfajiri, na anayeinywa kupoteza mawazo huamka ameyakuta palepale yakiwa na hasira. Sigara huongeza mapigo ya moyo wakati mvutaji anadhani imemtuliza. Kilichotulia ni kiu ya nikotini. Kubeti humwongezea deni mtu aliyeanza kubeti kwa sababu ya deni.

Pumzi ni jambo jingine. Ni kazi pekee ya ndani ya mwili wakati wa hofu ambayo mtu anaweza kuishika kwa hiari yake, na kupitia kwayo moyo hufuata. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake, aliwapima watu waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na wengine wakirudiarudia maneno ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia kwenye mpangilio ulio bora zaidi. Bernardi hakuwapima wanaovuta uradi baada ya sala wala wanaoimba pambio za kurudiarudia, lakini anayewasikiliza atatambua mwendo uleule. Kutembea kwa miguu, kulima, kucheza ngoma, vyote humpa mwili ule mkimbio uliokuwa umeandaliwa na kukosa pa kwenda.

Lakini mbinu iliyokamilika kuliko zote Afrika Mashariki ni msiba. Mfiwa haachwi alale peke yake. Wanawake hulala naye sebuleni kwenye mikeka, wanaume hukaa nje kwenye viti vya kukodi, jirani huleta kuni, mwingine hushika daftari la rambirambi, na kwa siku kadhaa mwenye uchungu haulizwi leo watakula nini. Katika misiba mingi ya Tanzania huja pia watani. Mtani huvaa koti la marehemu na kuuiga mwendo wake, hukohoa kama yeye, hudai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa, na mwingine hushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Mjane aliyekuwa hajafungua mdomo tangu usiku wa kifo hujikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Anayelitazama jambo hilo kwa mara ya kwanza huweza kuona ni utovu wa adabu. Mwili wa mfiwa unajua vingine: pumzi iliyokuwa imebanwa inatoka, na waliokaa naye wanacheka pamoja naye. Baadaye huja kuanua tanga au arubaini, yaani siku inayojulikana ya kumaliza, ambayo ndiyo kitu hasa kinachokosekana katika msongo wa kila siku.

Upungufu wa msiba ni kwamba unamhudumia aliyefiwa tu. Aliyefukuzwa kazi, aliyebambikiwa deni, anayeishi na mume mpigaji, mwenye mtoto mgonjwa asiyepona, hao hawatandikiwi mikeka. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na vyama vya kuzikana huziba sehemu ya pengo hilo, hasa pale vinapotoa mkopo usiokausha damu. Na kikao cha kila wiki, hata kisipotoa fedha, humpa mtu mahali pa kusema.

Zimbabwe ilipata njia ya kuziba sehemu nyingine. Mwaka 2005 serikali ilibomoa makazi ya watu wengi mijini, na mwaka uliofuata Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alitakiwa kusaidia watu wa Mbare, mtaa wa jijini Harare, bila fedha, bila wauguzi wa ziada na bila chumba. Alichopata ni bibi 14 wa mtaani waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na uwanja wa nje ya zahanati. Wakawekewa benchi. Mgeni huketi na bibi, akaeleza yote yanayomsonga, kisha wawili hao huchagua tatizo moja, moja tu, na kupanga hatua ambayo mgeni ataitekeleza kabla hawajaonana tena. Bibi hatoi vidonge wala hatumii maneno ya hospitalini. Huzungumza kuhusu kufungisisa, neno la Kishona kwa hali ya kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba miezi sita baadaye takribani asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabenchi ya namna hiyo yameshafika Malawi na Zanzibar.

Ukilitazama benchi hilo, halina siri kubwa. Tatizo moja likichaguliwa, hatari isiyo na umbo inapata umbo na siku ya kushughulikiwa, na mtu aliyekuwa hana kauli anapata kauli juu ya jambo moja. Bibi naye yupo wiki ijayo. Kauli ndiyo iliyokosekana kwa matarishi wa London, na wenzao wa karibu ndio waliowaponya nyani wa Mara.

Yapo yasiyomalizwa na benchi, wala jamaa, wala uradi. Mtu ambaye kwa wiki mbili mfululizo halali, hali, hapendezwi na chochote alichokuwa akikipenda, au ameanza kufikiria kujiua, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, tena asindikizwe. Na mwenye mawazo ya muda mrefu, hasa aliyepita miaka arobaini, apimwe presha hata kama kichwa hakimuumi, kwa sababu watu wengi wenye shinikizo la juu la damu hawasikii dalili yoyote.